Zohali ya Mshika Tochi

Kila Alhamisi giza lilipoanza kushika, wanafunzi wa chuo cha ualimu walipandisha darubini juu ya paa la maabara. Wawili walibeba mwili wake, mmoja miguu yake mitatu, na Fundi alipanda nyuma yao na tochi. Tochi ilivikwa kitambaa chekundu, kwa sababu jicho likishapigwa na mwanga mweupe halioni nyota hafifu mpaka lizoee giza upya. Kitambaa hicho alikishona Fundi mwenyewe na kukitia lastiki, siku ya kwanza ya somo, mkufunzi alipouliza nani ana mkono usiotetemeka. Kabla ya kuja chuoni alikuwa fundi cherehani. Akanyoosha mkono. Ndilo kosa alilofanya.

Mshika tochi ndiye aliyemulika karatasi za wenzake wakichora, kwa hiyo macho yake yalishinda kwenye mwanga. Utaratibu wa maabara ulimtaka ayapumzishe kwanza, atazame wa mwisho. Ukiusoma, utaratibu ulikuwa wa haki. Tatizo lilikuwa Zohali. Msimu ule sayari hiyo ilikaa chini upande wa magharibi, na foleni ilipofika mwisho ilikuwa imeshazama nyuma ya tenki la maji. Kiranja alitazama. Mrefu alitazama. Msafi alifuta lenzi kwa shati lake, akatazama, akaifuta tena. Ikifika zamu ya Fundi, palikuwa na tenki.

Asiyeiona Zohali na pete yake kupitia darubini, kwa jicho lake mwenyewe, hakusainiwa daftari la maabara. Asiyesainiwa hakufanya mtihani, alirudia mwaka. Fundi hakuwa na mwaka wa kurudia. Watoto wake walikuwa kwa mama mkwe wake, ambaye siku ya kuwapokea alimwambia bila kuzunguka, "Mwaka huu tu, mkwe wangu. Huu mgongo si wa kukodisha." Kila Ijumaa mama mkwe alipiga simu kuuliza kama hiyo sahani ya angani imeonekana. Kila Ijumaa Fundi alijibu bado.

Aliomba mtu mwingine ashike tochi. Kiranja alisema yeye hutetemeka. Mrefu alisema kivuli chake kitaziba karatasi. Msafi alisema ile tochi ina jasho la mtu. Mkufunzi, ambaye alikuwa mpole na hakupenda ugomvi juu ya paa, alisema darasa limeshazoea mkono wake na si vizuri kuvuruga kazi inayokwenda.

"Tena wewe ni kama mama yetu hapa," akamwambia.

Fundi akajibu kwamba watoto alionao wanamtosha.

Alhamisi moja wenzake walipokwisha kushuka, alipanda ngazi ya tenki aone sayari inazamia wapi. Haikuwa mbali. Zohali ilikuwa imetua nyuma ya tenki, kati ya bomba na ukuta, inapumzika. Ilikuwa na ukubwa wa tikiti maji, na pete yake ilikuwa pana kama ungo. Fundi aliigusa. Ilikuwa ya baridi, ikamwachia vumbi vidoleni kama chaki ya kuchorea nguo. Alitoa futi yake ya kushonea, akaipima kiuno, akapima na pete, kisha akaiacha ilale.

Asubuhi alimweleza mkufunzi. Mkufunzi alimsikiliza hadi mwisho, wala hakumtilia shaka. Naye alikuwa akisikia vitu vikigonga bomba kule juu, akadhani ni paka. Aliuliza sayari ina hali gani. Fundi akasema haijambo.

"Hongera," mkufunzi akasema. "Ila mtaala unasema kupitia darubini. Kushika si kutazama."

Fundi hakubishana. Alhamisi iliyofuata alikuja na rola zima la uzi wa kushonea jinzi. Zohali ilipotua alipitisha uzi kwenye nafasi iliyo kati ya pete na mwili, akaukunja mara mbili, akapiga fundo, ncha ya pili akaifunga kwenye koki ya tenki. Wiki nzima sayari ilielea juu ya maabara, mchana ikiwa imepauka kama nguo iliyoanikwa muda mrefu. Mlinzi alilalamika kwamba uzi unapita karibu na kamba yake ya kuanikia. Fundi akausogeza.

Siku ya somo ilipofika, alilegeza uzi taratibu mpaka Zohali ikapanda mahali pake pa siku zote na kuwa ndogo kama siku zote. Foleni ikaanza. Kiranja alitazama, Mrefu alitazama, Msafi alifuta na kutazama. Foleni ikaisha. Zohali ilikuwa bado ipo, imetulia palepale juu ya tenki.

"Mwalimu, zamu yangu," Fundi akasema.

Mkufunzi alitazama juu, akafurahi kweli. Alisema hii ni bahati, maana mchoro wa Kiranja ulihitaji kusahihishwa, na Mrefu alikuwa amesahau ule mwanya wa katikati ya pete. Sasa sayari haizami, kila mtu anaweza kurudia kwa nafasi. Akamtuma Msafi akawaite na wa mwaka wa pili.

"Na macho yako bado yana mwanga, Fundi. Yapumzishe kwanza."

"Nitayapumzishaje, na tochi ninayo mimi?"

Mkufunzi alisema hilo ni swali zuri. Kisha akamwita Kiranja, na foleni ikaanza upya.

Ijumaa mama mkwe akapiga simu.

"Imeonekana?"

"Bado, mama."

"Na ikizama je?"

"Haizami. Nimeifunga."

Mama mkwe akauliza ameifunga kwa uzi gani. Aliposikia ni wa jinzi, alisema huo sawa, lakini autazametazame pale unapokwaruzana na pete.

Kweli ulikuwa umeanza kulika. Alhamisi iliyofuata Fundi alipanda kabla ya wenzake, akauongeza uwe mara nne, akapiga fundo jipya juu ya lile la zamani. Kwenye koki akaufungua, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto. Wenzake wakapanda na darubini, na wa mwaka wa pili nyuma yao, wakajipanga. Fundi akaivika tochi kitambaa chake chekundu. Kila Zohali ilipovuta kwenda magharibi, naye aliivuta irudi. Upande wa kulia, mwanga juu ya karatasi ya Kiranja haukutikisika hata kidogo.