Prosesa Thelathini na Mbili

Fundi alikuwa na mazoea yake. Kompyuta ikimshinda kuwaka, husema prosesa, ubongo wake, imekufa, akaing'oa, akaitoboa kona kwa drili na kuitundika ukutani pamoja na nyingine. Zilikuwa thelathini na moja. Mtaani walimwita Daktari, ingawa daktari anayetundika marehemu wake ukutani ana lake jambo.

Jumanne ililetwa ya shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, kuukuu, lakini cherehani ya shangazi ya kudarizi ilielewana na hiyo tu. Waya wake ulitaka tundu pana la pini ishirini na tano, na kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo. Beji mia mbili za shule zilitakiwa Ijumaa.

"Usinizungushe, mwanangu. Inapona au haiponi?"

"Prosesa imekufa, shangazi. Kesho nakuwekea nyingine."

Akaing'oa, akaitoboa, akaitundika.

Kesho yake prosesa mpya ilikaa vizuri kwenye kitako chake, lakini skrini ikabaki giza. Bodi ilikuwa ya zamani, haikuitambua. Kwa kukosa la kufanya akafungua kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu jana. Kapasita mbili, vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba. Akakaa chini akiwa na aibu. Prosesa ya shangazi ilikuwa nzima kabisa mpaka ilipokutana na drili.

Alizunguka mji mzima akitafuta ya aina ileile, akaambulia patupu. Akafikiria kumdanganya shangazi. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio chenyewe kilikuwa keshokutwa.

Ndipo akakumbuka kopo la hereni la mkewe. Wakati wa uchumba hakuwa na pete wala drili, akamfungia prosesa kwenye kitambaa, akamwambia, "Imekufa, kama nilivyokufa mimi kwako." Sasa alimweleza mkewe yote, macho chini. Mkewe alifungua kopo, akasoma namba zilizoandikwa juu ya prosesa: aina ileile. Akampa.

Alhamisi asubuhi, mbele ya mke na shangazi aliyekuja na cherehani yake, Daktari aliweka kisanduku kipya cha umeme, akaipachika prosesa ya uchumba, akabonyeza. Ikawaka papo hapo, baada ya miaka kumi na minne koponi. Akaungama kosa lake. Shangazi alimpiga kikofi cha begani, kisha akaivuta cherehani yake karibu. Ua la kwanza la beji lilianza kutokea kwenye kitambaa.

"Kumbe nimetunza kitu kizima miaka yote," mkewe alisema, akicheka. Kisha akatazama ukuta, kicheko kikamwisha. "Na hizi nyingine, baba watoto? Ulizipima?"

"Hapana."

Fundi alisogea ukutani, akaanza kuzitungua moja moja. Kwa kila moja alimkumbuka mteja ambaye yeye, Daktari, alimpa pole.