Sahihi ya Pili

Watu wanasema nilimchezea wifi yangu. Sikumchezea. Nilimpa kila alichokitaka, tena kwa mikono miwili, na mume wangu Alois yupo hapa anasikia. Kama ninaongopa, anikatize.

Mwaka wa sabini na tano tulikuwa tumepanga chumba kimoja Mwembesongo, sisi wawili na watoto wanne, na mvua ikinyesha tunahamisha kitanda. Alois alikuwa kiwanda cha magunia, mimi nilikuwa mfagiaji wa benki ya nyumba, ile inayokopesha watu wajenge. Wote kima cha chini. Alois akabahatika kugawiwa kiwanja Kihonda, tukaomba mkopo. Ndugu Ernest, ofisa wa mikopo, akatazama mshahara wa Alois, akakuna kichwa. Akasema hautoshi peke yake. Apatikane mtu wa pili mwenye mshahara, naye atie sahihi, mishahara yote miwili ihesabiwe pamoja. Jina la huyo wa pili litaingia kwenye hati ya nyumba, na mmoja akifa, nyumba inabaki kwa mwenzake.

Nilifurahi mpaka nikasahau ndoo yangu mlangoni, mteja akaikanyaga. Mtu wa pili si mimi? Mfagiaji naye analipwa.

Thubutu. Alois alipanda Kinole kumweleza dada yake, Veronika. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamume akifa mali yake wanachukua watoto wa dada yake, si wale aliowazaa. Mila hiyo sikuitunga mimi. Lakini jirani yangu Mwamvita alipofiwa, wapwa wa marehemu walikuja hata arobaini haijafika, wakabeba mpaka mlango. Nilimkuta amekaa uani juu ya mkeka na wanawe, hana pa kuingia. Tangu hapo kila nikiwatazama wanangu wamelala, naona ule mkeka. Nilikuwa naogopa, nasema wazi.

Jumapili ile Veronika akashuka na mkungu wa ndizi na mwanawe Leonard, karani wa reli, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Wakasema sahihi ya pili itakuwa ya Leonard, maana nyumba ya mjomba ni ya mpwa, kuna cha kujadili? Alois akatazama vidole vya miguu yake. Ni mtu mwema huyu, lakini mbele ya dada yake huwa ananywea. Halafu tukaenda kukiona kiwanja. Leonard akapima kwa hatua chumba chake, akaagiza jiko lisogezwe nyuma, moshi usije ukamsumbua mke atakayemwoa.

Ningeweza kupiga kelele, koo ninalo. Ila nilikuwa nimefagia ile ofisi miaka sita, na mlango wa Ndugu Ernest haufungiki vizuri, yanayosomwa ndani yanasikika nje. Nimewaona wanaume wakiingia wanapiga mluzi na kutoka wanatafuta pa kukaa. Basi nikasema, "Wifi, umenena. Mila ni mila. Leonard ndiye."

Alois alinishika paji la uso usiku ule, akidhani nina homa.

Wiki nzima nilimkirimu Leonard. Nilimchinjia kuku, nikamwita mwenye nyumba, nikawafundisha wanangu wamwamkie hivyo hivyo. Shikamoo mwenye nyumba. Akavimba kichwa, akawa anaitikia bila kugeuka. Nikatuma salamu Mgeta, mjomba wangu Gabrieli apande lori la kabichi ashuke, kuna jambo zito la ukoo. Nikamwomba na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwinjuma, aje na daftari lake. Na siku moja nikipiga deki chini ya meza ya Ndugu Ernest, nikamwomba kitu kimoja tu: siku hiyo awasomee masharti yote, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, ndugu wa mume wangu ni watu wa mlimani. Akacheka, akasema hiyo ndiyo kazi yake.

Siku ikafika. Tulijibana watu saba kwenye kile chumba cha ofisi pale benki, shikamoo zikazunguka zikaisha, Ndugu Ernest akavaa miwani. Mkopo ni wa miaka kumi na mitano. Leonard akatikisa kichwa kukubali. Makato yanatoka kwenye mshahara kabla mtu hajaushika. Akatikisa tena, ila polepole. Mwezi ambao Alois ataumwa au ataachishwa kazi, makato yote yatatoka kwa mtu wa pili. Hapo kichwa kikasimama. Alois akifariki, na hapa Veronika akajisogeza mbele, nyumba inakuwa ya mtu wa pili, na deni lililobaki linakuwa lake mpaka senti ya mwisho.

Sasa, Leonard wakati ule alikuwa na baiskeli ya mkopo, redio ya mkopo, na mchumba Mikese ambaye mahari yake haijatimia. Akauliza kwa adabu kama anaweza kuandikwa kwenye nyumba bila kutia sahihi kwenye deni. Ndugu Ernest akageuza karatasi mbele na nyuma, akasema haoni nafasi ya kuandika hivyo.

Nikachukua kalamu, nikamwekea mkononi mwenyewe. "Tia, baba. Nyumba ni yako."

Hakutia. Alimtazama mama yake. Veronika akauliza makato ni kiasi gani kwa mwezi, akaambiwa, akaomba maji ya kunywa. Nilimletea, mfagiaji si ndiye anayejua mtungi ulipo. Akanywa yote, akashusha kikombe.

"Mwanangu ana mambo yake," akasema. "Deni hilo alibebe aliyezaa hao watoto watakaolala humo."

Nikakaza uso, furaha isionekane. "Wifi, rudia, mjomba Gabrieli asikie vizuri."

Akarudia. Mjomba, mtu wa taratibu, akamuuliza mara tatu kama hilo ni neno lake peke yake au la ukoo wao wote, leo na siku Alois atakapokuwa hayupo. Mara zote tatu akajibu ni la ukoo, deni hawalitaki, wala nyumba yenye deni hawaitaki. Mzee Mwinjuma akaandika kwenye daftari, Veronika akaweka dole gumba. Leonard naye akatia sahihi hapo, tena haraka, yenye mkia mrefu, kisha akakumbuka ana zamu stesheni.

Nikabaki mimi. Nilijifunza kuandika jina langu kwenye kisomo cha watu wazima, na herufi zangu zinapanda mlima. Paskalia, nikaandika, chini ya Alois. Halafu nikalia, na wala sikuficha uso.

Njiani Alois alitangulia mbele, hageuki. Nilidhani amekasirika, nikawa nimejiandaa na majibu. Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Mama Ester, kumbe ulipanga yote."

Nikamwambia ndiyo.

"Na wewe ukitangulia je? Deni lote langu. Mshahara wangu hautoshi, si umemsikia Ernest?"

Kwa ujanja wangu wote, hilo sikuwa nimelifikiria. Na yeye akitangulia, mshahara wa ufagio utatosha? Nikaanza kucheka pale pale njiani, watu wanatupita, na yeye akacheka.

Sasa ni mwaka wa nne tunalipa, nyumba ina bati, na jiko liko pale pale nilipolitaka. Alois akikohoa mara mbili nampeleka hospitali hata kama ni zamu yangu ya deki. Nami nikisema kichwa kinanigonga, ananinyang'anya ndoo anakwenda bombani mwenyewe, majirani wanacheka, hajali. Padri alitufungisha ndoa mpaka kifo kitutenganishe, lakini benki haitupi ruhusa ya kufa mpaka mwaka wa tisini.