Madoa Meupe ya Malkia

Mama mkwe wangu alitengeneza meno ya bandia maisha yake yote, na alipostaafu akahamishia vifaa vyake bustanini. Usicheke. Kibanio kilichoshika meno sasa kiling'oa magugu membamba kama uzi, na kisu cha kuchongea nta kikachokonoa udongo kati ya mawe. Nyuma ya nyumba alikuwa amepanga kilima cha mawe, na humo akakuza saksifraga, mimea midogo ya miambani inayopenda kokoto kuliko mbolea.

Mmoja tulimwita Malkia. Majani yake ya kijivu yalijipanga duara, na ukingoni mwa kila jani palikuwa na madoa meupe. Alipandwa kwenye ufa, ubavuni mwa jiwe.

"Mama, mbona umemtundika kama picha ukutani?" niliwahi kumuuliza.

"Maji yakikaa moyoni mwake ataoza. Hapo yakija yanashuka zake."

Malkia huchanua mara moja tu, kisha hufa. Wa aina yake hawatoi vichipukizi, kwa hiyo akifa bila mbegu, imetoka hiyo. Mwaka huu moyo wake ulianza kuvimba, dalili ya kuchanua, na mwaka huu huu mikono ya mama mkwe ikaanza kutetemeka. Alitaka kitu kimoja tu: mbegu, na mtu wa kuzipanda. Kwa akili zangu, mtu huyo nilikuwa mimi. Nani mwingine alibeba mawe yale mpaka kiuno kikalia?

Wifi yangu tunamwita Dekio. Hana baya, ila yeye na uchafu ni paka na panya. Siku moja alikuja kututembelea akatukosa, maana nilikuwa nimempeleka mama mkwe hospitali. Tuliporudi tulimkuta bustanini na mswaki, ndoo ya maji na sabuni.

"Jamani, mmea wenu una ukungu! Nimewasaidia kidogo."

Nusu ya majani yalikuwa ya kijani kitupu, yamechubuka, na povu limemjaa Malkia mpaka moyoni. Presha ikanipanda.

"Ukungu gani? Hiyo ni chokaa, anaitoa mwenyewe! Nani kakutuma?"

Dekio aliduwaa, machozi yakimlengalenga. Mama mkwe alipiga magoti taratibu, akatazama.

"Ulianzia wapi, mwanangu?"

"Majani ya nje, mama. Moja moja, mbele na nyuma."

"Ya katikati umeyasugua?"

"Sikuwa nimeyafikia."

"Haya, niletee maji safi."

Mimi ningemtimua na ndoo yake. Wakamsuuza Malkia pamoja, mkono unaotetemeka na mkono wenye aibu, na maji yakatiririka jiweni bila kubaki tone. Ndipo nilipouelewa ule ufa, na nikamheshimu mama mkwe upya.

Tulingoja roho juu. Majani yaliyosuguliwa yalinyauka, lakini moyo ulibaki mkavu na mgumu. Kisha shina likachomoza, likainama mbele kwa uzito, limejaa maua meupe kuanzia mwanzo hadi ncha. Sijawahi kuona kiumbe kikijitoa namna ile, bila kujibakizia chochote cha kesho.

Akafa, kama ilivyotakiwa. Mama mkwe alikung'uta mbegu laini kama unga wa pilipili kwenye karatasi, akaikunja, akamkabidhi Dekio.

Wivu ukanishika. "Mama! Huyu huyu aliyemsugua?"

"Wewe unanipenda mimi, mwanangu, na najua. Lakini yeye ndiye aliyeona doa. Vitu hivi vinataka macho ya namna hiyo."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Miaka yote nilikuwa nikimtazama mama mkwe akitazama majani.

Dekio alizipanda kwenye trei ya mchanga na kokoto, nami nikamchekechea kokoto hizo shingo upande. Baridi ilipokwisha, miche ikawa na ukubwa wa vichwa vya pini. Asubuhi moja nilimkuta ameinama juu ya trei. Kwenye jani moja palikuwa na doa jeupe, dogo mno. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye pindo la kanga, ukasita, kisha akaificha mikono yote miwili mgongoni.

"Mama, njoo uone," aliita kwa furaha. "Kameanza kuchafuka!"