Muhogo Juu ya Turubai

"Pita huku, mama. Kule iko shimo."

Mwanamke aliyemwonya Falonne hakumjua ni nani. Falonne, mhamasishaji wa afya, ndiye aliyezunguka mtaa huu wa karibu na mgodi wa Mutoshi na megafoni yake, akiwaomba watu wafunike kwa mbao mashimo ya kobalti waliyochimba uani kwao. Leo hakuja na megafoni. Alikuja kwenye kilio.

Wiki iliyopita alitangaza kwamba angerudi na watu wa meri, ofisi ya mji, kukagua mashimo. Alidhani watu wangetafuta mbao. Adèle na mumewe Kisimba waliogopa kwamba shimo lao lingefungwa. Wakalitandazia turubai, wakaanika muhogo juu yake, kama uani kwa jirani yeyote. Wakubwa walijua. Jémima, binti yao aliyekuwa ameanza shule juzijuzi, alijua tu kwamba muhogo huanikwa ukageuzwa. Akaingia katikati kuugeuza, kama mama yake alivyomfundisha.

Walimzika jana.

Adèle alikaa mkekani, amempakata Dodo, mdogo wa marehemu, aliyejipindapinda akitaka kushuka.

"Ni weye," Adèle alisema, bila kupandisha sauti. "Shi ulisema munakuya na batu ba meri? Tukaficha. Ungenyamaza, shimo ingebakia wazi. Mutoto wangu angeiona."

Falonne alipiga magoti.

"Mama, mi nilitaka batoto basianguke."

"Najua. Ungekuwa mubaya, ningekufukuza."

Dodo akachoropoka. Alikimbia moja kwa moja kuelekea shimoni, na Falonne akamdaka kwa shati ukingoni. Mtoto alicheka, akidhani ni mchezo.

"Ifungwe, tata," Falonne alimwambia Kisimba. "Leo."

Kisimba hakuinua macho. "Tumeisha kufikia mawe ya muzuri, mama. Tukifunga, batoto batakula nini?"

"Batoto gani?" Adèle aliuliza.

Adèle aliinuka, akaokota beseni kando ya lundo la udongo, akalijaza kwa mikono yake, akamwekea Falonne mikononi.

"Anza weye. Mi siwezi."

Falonne alimwaga shimoni. Uani pote watu walisikiliza udongo ukishuka, na ulikuwa bado unashuka.