Pumzi za Asubuhi

Mtaani kwetu binti yangu hakuitwa kwa jina. Aliitwa Lete. Ukifika kwake na kitambaa, hata kazi iwe imejaa mpaka kwenye kiti cha wageni, jibu lake lilikuwa hilo moja: lete. Zipu imekatika, lete. Suruali ya bwana imebana, lete. Jirani anataka mashuka kabla wageni hawajafika, na wageni wenyewe wanashusha mizigo mlangoni, lete hivyo hivyo. Muuza mkaa wa pale kona alikuwa akiwatania watu kwamba kwa Lete ukipeleka gunia atalitia kola, uende nalo kazini.

Tulicheka, naye alicheka. Lakini mimi niliyemzaa nilikuwa nakaa naye nyumba moja, na nyumba ina yake ambayo mteja hayaoni.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu. Cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa cha cherehani. Cha nyuma, karibu na ua, kilikuwa changu. Cha katikati alilala mume wake. Mkwe wangu alikuwa mwashi. Kuta nyingi za mtaa ule alizipanga yeye, na mawe aliyachonga kwa nyundo tangu ndevu hazijamwota. Daktari alitueleza bila kutuficha kwamba vumbi la mawe na saruji limejenga ukuta wake ndani ya mapafu, na ukuta ule hakuna wa kuubomoa. Siku hakututajia. Alisema tu kwamba tukiwa na lolote la kuzungumza na mgonjwa tusilicheleweshe.

Ugonjwa ule ulikuwa na tabia yake. Asubuhi, kabla jua halijashika bati, mkwe wangu alikuwa na pumzi. Aliegemea mito akazungumza kama mtu anayepanda ngazi, anasimama, anapanda tena, lakini alizungumza. Bati likishapata moto, pumzi imekwisha. Toka hapo mpaka kulala alikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa.

Na asubuhi ndiyo saa ya wateja. Watu humpitia fundi wakiwa njiani kwenda kazini, kila mmoja ana haraka, kila mmoja kazi yake ni ndogo tu. Basi kila asubuhi nilisikia sauti ile ya chumba cha kati ikiita, "Mwenzangu, njoo ukae kidogo." Na binti yangu anajibu kwamba anakuja, anamalizia pindo hili. Pindo lile likizaa kifungo, kifungo kikazaa mfuko, na akija kunyanyua pazia la chumba cha kati, bati limeshaanza kulia kwa joto na mumewe amefumba macho.

Hawakujaaliwa mtoto. Alichokuwa nacho yule bwana moyoni hakikuwa na pengine pa kwenda.

Nilimwambia binti yangu. Nilimwambia kwa upole, kisha nikamwambia kwa ukali. Hakubisha, ila aliniuliza atawaambiaje watu. Ndio hao hao waliomtekea maji wiki mumewe alipozidiwa, ndio waliombeba mgonjwa mpaka kwenye gari. Leo mtu wa namna hiyo anakuja na sketi ya mwanawe, umrudishe kwa uso gani? Ajabu yake ni kwamba huyu aliyesifiwa mtaa mzima kwa kutomkatalia mtu, kulikuwa na mtu mmoja aliyemkatalia kila siku ya Mungu, na mtu huyo hakunung'unika.

Mimi na mkwe wangu tulikuwa na heshima zetu, hatukukaa kuongea ovyo. Lakini wote wawili tulipenda vitendawili, na kitendawili kinapita pazia bila kumvunjia mtu heshima. Tena kilimfaa, kwa sababu jibu lake ni neno moja, na neno moja halili pumzi. Mimi nachambua mchele uani, yeye kitandani. Nilimtegea kwamba nina mtumishi anayerukaruka kutwa na hatoki alipo. Akajibu, sindano ya cherehani. Hapo nikajua masikio yake hukaa chumba gani.

Asubuhi moja chumba cha mbele kilikuwa kimefurika. Mgonjwa aliita mara ya kwanza, akajibiwa anakuja. Akaita tena, akajibiwa hivyo hivyo. Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa kwa muda mrefu, "Kitendawili."

"Tega," nikaitika kutoka uani.

"Nina kisima. Mji mzima unachota. Mimi nimelala kando yake na kiu."

Jibu nililipata kabla hajamaliza, lakini halikuwa langu kulitoa. Nikamwambia nimeshindwa, nimpe mji anipe jibu.

"Mji wako siutaki, mama," akasema. "Mwenye jibu amesikia."

Cherehani ilisimama. Wateja wakatazama vidole vyao. Mmoja akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Binti yangu aliinuka na uzi ukiwa bado umeshikana na nguo ya watu, akaingia chumba cha kati, akashusha pazia. Alipotoka bati lilikuwa la moto na macho yake mekundu, na kule mbele hapakuwa na mtu.

Mtu asidhani kwamba kesho yake aliamka anajua kukataa. Kesho yake alishindwa. Kwa mafundi wa nguo, kazi haipokelewi kwa mdomo, hupokelewa kwa mkono. Kitambaa kikishashikwa kimepokelewa, na kukirudisha ni kama kumrushia mtu salamu yake usoni. Alikuja mama mmoja na kitenge, na mwanangu akamweleza vizuri kabisa kwamba wiki hii hana nafasi, huku vidole vyake vinapapasa kile kitambaa, vinapima uzito, vinakikunja. Yule mama akamshukuru, akaenda zake. Kitenge kikabaki.

Nikamwambia, "Mwanangu, mdomo wako hauna kosa. Ufundishe mkono."

Toka siku hiyo akawa anawatokea watu mlangoni amebeba bakuli la uji wa mgonjwa, mikono yote miwili. Kitambaa kikakosa pa kutua. Mwanzoni alikuwa akieleza sana, mume hivi, daktari vile, na kila sababu aliyoitoa watu waliitafutia dawa. Kama ni mgonjwa, yangu ni dakika tano tu. Kama ni asubuhi, niache kitambaa utashona ukipata nafasi. Akaanza kupunguza maneno. Mwishowe ikabaki asubuhi siwezi, basi, halafu ananyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomtoa jasho. Nilimwona amelishikilia bakuli, anangoja mtu aondoke, na mtu naye anangoja neno la kuongezea.

Wengine walihamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Muuza mkaa akaeneza kwamba Lete amekufa, siku hizi yupo Peleka. Binti yangu alicheka, ila hakucheka kama zamani.

Ndipo akaja wifi yake.

Huyu wifi alikuwa dada mkubwa wa mkwe wangu, ndiye aliyemlea walipofiwa na mama. Binti yangu alipoolewa, cherehani ile aliileta yeye, ikiwa juu ya mkokoteni, naye akitembea pembeni kuishikilia isianguke. Hakuwa mtu wa kusimamishwa mlangoni. Aliingia mpaka ndani na mfuko wa kitambaa cheupe kinachong'aa, akaeleza kwamba mwanawe anaolewa mwezi ujao, gauni la bibi harusi na magauni ya wasindikizaji wake yote yatashonwa hapa.

"Sitaki fundi mwingine amguse mwanangu," akasema.

"Wifi, siwezi."

"Hujasikia ni harusi ya nani?"

"Nimesikia."

"Unawashonea walevi suruali, mimi ndiye wa kukataliwa?"

"Siku hizi hata wao siwashonei asubuhi. Na hiyo kazi uliyoileta, jioni tu haziitoshi."

Wifi akaitazama cherehani, kisha akamtazama yeye. "Na hii aliileta nani hapa?"

"Uliileta wewe," mwanangu akasema. Uji ulikuwa unamwagikia kidole na hakuhisi. "Ukiitaka, ichukue leo hii. Asubuhi za mume wangu siwezi kukupa."

"Mdogo wangu angesikia maneno haya."

"Nimesikia, dada," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Sote tulingoja aongeze, na hakuongeza. Yule wifi aliuweka mfuko juu ya kiti, akatoka bila kuaga. Binti yangu akaweka bakuli chini, akauchukua ule mfuko, akamfuata mpaka katikati ya barabara, akampa mkononi. Watu walisimama kutazama. Aliporudi alikaa sakafuni kwanza, mgongo ukutani, kama mtu aliyetua mzigo akakuta bado mabega yanauma. Kisha akaingia chumba cha kati.

Wifi hakuacha kuja kumwona mgonjwa. Lakini alikuja alasiri, ili asikutane na asubuhi zile alizonyimwa. Alikaa kando ya kitanda akamshika nduguye mkono, na nduguye akaitikia kwa kichwa, maana alasiri hakuwa na zaidi ya hicho. Na wifi hakumsalimia mwanangu.

Asubuhi zikawa za watu wawili. Pazia limeshushwa, mlango wa mbele umeegeshwa, mimi niko uani na sufuria zangu. Nilisikia sauti, sikusikia maneno. Mara nyingine alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikatulia, sauti ikaanza tena. Kitendawili hakunitegea tena. Nilimkosa mwenzangu wa vitendawili, wala sikudai.

Alikufa asubuhi. Binti yangu alikuja uani akaniambia, "Mama, amenyamaza katikati ya neno," akabaki amesimama pale kana kwamba nitamwambia neno lenyewe lilikuwa lipi.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakiondoka mmoja mmoja, wifi hakuondoka. Mwanawe alikwisha kuolewa, gauni lake limeshonwa na fundi wa ng'ambo, na hakuna aliyelitaja. Alikaa kwenye mkeka chumba cha mbele, mwanangu amekaa mbele yake, mimi pembeni. Wifi alikuwa akichezea ncha ya kanga yake.

"Asubuhi zote zile," akasema, "alikuwa anasema nini?"

"Alisema mengi."

"Nieleze. Mimi alinibakizia kichwa cha kuitikia tu."

Nilitamani kumwambia mwanangu amweleze. Huyu ni damu ya marehemu, ni mama yake kwa malezi, na amekuja mwenyewe, ameinama. Nikauma ulimi. Binti yangu alinyamaza kwa ule unyamavu aliojifunza, ila safari hii mikono ilikuwa mitupu, imelala mapajani.

"Siwezi, wifi."

"Hata moja?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, si kwa kutafuta njia ya kumtoa mtu mlangoni.

"Moja ni lako," akasema. "Alisema ulikuwa ukimbeba mgongoni kuvuka mto mwende shule, na maji yanakufika kifuani. Alisema tangu hapo hakuwahi tena kuogopa maji. Mengine ni yangu."

Wifi aliinamisha uso kwenye magoti akalia, kilio cha mtu mzima, kisicho na sauti. Mwanangu akasogea, akakaa karibu naye hata mabega yao yakagusana. Hakumwambia pole, wala hakumwongezea neno.

Alipoinua uso, wifi alijifuta kwa kiganja.

"Yalikuwa yananifika shingoni," akasema. "Alikuwa mdogo, hakuona vizuri."