Kipaimara cha Bibi Hilda

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Mchungaji Nikodemo alipokuja kijijini kugawa Meza ya Bwana, Bibi Hilda alibaki kwenye benchi. Watu wazima wenzake walipanga mstari, wakaenda mbele, wakapiga magoti. Yeye alikaa na watoto, akiwafuta kamasi na kuwanyamazisha.

Alikuwa na miaka sitini na minne. Alibatizwa angali mgongoni mwa mama yake, na watoto wake saba wote walibatizwa. Ila kipaimara, kinachomruhusu mtu kukaribia Meza ya Bwana, hakukipata. Mwaka ule alipokuwa kwenye darasa la kipaimara, njaa iliingia, baba yake akahama na familia na ng'ombe kutafuta malisho. Waliporudi, Hilda alikuwa ameshaposwa. Baada ya hapo zikawa ni mimba, jembe na kuni, na miaka ikaenda.

Jumapili moja ya Oktoba, Mwalimu Ernest, katekista wa kijiji, alitangaza kwamba askofu angefika kwenye kanisa la parokia mwezi wa tatu, na wanaotaka kipaimara waandikishe majina. Baada ya ibada watoto kumi na wanne walijipanga mbele ya meza yake. Nyuma yao akasimama Bibi Hilda.

"Bibi, unamwandikisha nani?" Ernest akauliza.

"Najiandikisha mimi."

Watoto wakacheka. Ernest hakucheka. Aliandika jina lake chini ya jina la Erica, mjukuu wa bibi huyo, wa miaka kumi na minne, ambaye baba yake, Marko, alikuwa fundi ujenzi Dodoma mjini.

Aliyecheka sana alikuwa mumewe, Mzee Nathanaeli. Yeye naye alibatizwa zamani, lakini Jumapili zake alizimalizia malishoni.

"Mama Marko, utakaa darasani na wajukuu?"

"Nitakaa."

"Na kusoma hujui."

"Masikio ninayo, Baba Marko."

Kweli alitumia masikio. Shambani, wakati wa palizi ya uwele, Erica alisoma kwa sauti kutoka kwenye daftari, na bibi akarudia huku anapalilia. Kazi ilikuwa ngumu, maana Kigogo, lugha ya kwao, ndicho alichoota nacho na kugombana nacho. Kiswahili kilikuwa cha mnadani na zahanati. Maneno ya Imani ya Mitume yalimtoroka kama kuku. Amri Kumi alizishika upesi zaidi, ingawa kila mara zilitoka tisa.

"Bibi, umeruka usizini."

"Hiyo sina haja nayo tena, mwanangu."

"Lakini Mwalimu ataiuliza!"

Aliiuliza kweli, na Bibi Hilda aliisema kwa sauti kubwa kuliko zote. Mwishoni mwa Februari, Ernest alimwambia mbele ya darasa zima kwamba amefaulu.

Kanisa la parokia lilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Watoto wengine walikwenda Jumamosi na Mwalimu Ernest, wakalala huko. Magoti ya Bibi Hilda yasingefika, na Erica alikataa kumwacha. Nathanaeli akanung'unika, lakini alfajiri ya Jumapili alifunga punda wawili kwenye mkokoteni, akatandika gunia na blanketi.

"Nawafikisha tu," alisema. "Mambo ya ndani mtayamaliza wenyewe."

Bibi Hilda alipakata mfuko wenye magauni mawili meupe na vitambaa viwili vya kichwa, vyote amevipiga pasi ya mkaa. Njia nzima aliimba kwa sauti ya chini. Mtama ulikuwa umebeba vizuri pande zote za njia, na Nathanaeli alikuwa akinyoosha fimbo na kukadiria shamba la nani lingejaza ghala.

Walipofika mtoni wakasikia ngurumo.

Mto wa pale ni wa mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka watu huchimba visima ndani yake na kunywesha mifugo. Asubuhi ile ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, maji mekundu, yanabeba magogo. Kijijini halikuwa limeanguka hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha usiku huko milima ya Kiboriani.

"Hapa hapavukiki," Nathanaeli akasema.

Walikaa ukingoni. Saa mbili ikapita, saa tatu, saa nne. Ibada ilipangwa kuanza saa tatu. Erica alianza kulia kimya kimya. Bibi Hilda alifumba macho, akaomba kwa Kigogo, si kwa maneno ya daftari.

"Unamwambia nini?" Nathanaeli akauliza alipomaliza.

"Namwambia mto ni wake. Na mimi ni wake. Apange mwenyewe."

Nathanaeli akainuka. Alikwenda kuchomeka fimbo pembeni mwa maji, apime. Kila baada ya muda alikwenda kuiangalia. Mpaka saa saba mchana maji yalikuwa yameshuka, na mchunga mbuzi mmoja wa upande wa pili alivuka yakimfika magotini. Punda lakini waligoma. Walivutwa, wakasukumwa, wakabembelezwa. Wapi! Yule mchunga mbuzi akakubali kukaa nao.

Nathanaeli akakunja suruali, akainama mbele ya mkewe.

"Panda."

"Baba Marko, watu wataona."

"Waone."

Bibi Hilda akapanda mgongoni, mfuko wa magauni akauweka kichwani. Erica akashika shati la babu yake kwa nyuma. Walikwenda polepole, hatua kwa hatua, fimbo ikitangulia. Katikati mchanga ulididimia, mzee akayumba, na Bibi Hilda akamkaba shingo.

"Mama Marko, ukininyonga tunazama wote!"

Erica akacheka machozi hayajakauka, na kicheko hicho kikawavusha.

Ng'ambo walitembea mpaka barabara kuu ya vumbi. Hapo wakakutana na akina mama wa kwaya wamevaa sare, wanarudi makwao.

"Poleni," mmoja akasema alipoona mfuko na nguo zilizolowa. "Ibada imekwisha. Askofu anamalizia chakula, anakwenda parokia nyingine."

Bibi Hilda alikaa chini pale pale kando ya barabara. Hakulia. Alikung'uta mchanga miguuni, akakung'uta tena mahali ambapo hapakuwa na mchanga. Erica akakaa naye, akamwekea mkono begani.

Kisha wakaona vumbi. Gari jeupe lilikuwa linakuja kutoka upande wa kanisani. Nathanaeli alilitazama. Akamtazama mkewe. Akaingia katikati ya barabara, akasimama na fimbo yake, suruali inachuruzika maji.

Dereva alipiga honi. Mzee hakusogea. Gari likasimama hatua tatu mbele yake, na kioo cha nyuma kikashuka. Mtu wa makamo mwenye shati la zambarau akatoa kichwa.

"Shikamoo, mzee. Kuna shida?"

"Marahaba, baba askofu. Sikusimama hapa kwa ubaya. Mke wangu na mjukuu wangu wamechelewa kipaimara. Kosa si lao, ni la mto. Tupo mtoni tangu asubuhi." Akaelekeza fimbo kwa mkewe. "Huyu mama amesoma miezi mitano, baba. Kusoma hajui, na amesoma."

Askofu akashuka. Alikwenda mpaka alipokaa Bibi Hilda, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama. Imani ya Mitume unaijua?"

"Naijua, baba."

"Nisaidie kidogo."

Bibi Hilda alifungua mdomo. Kiswahili chote kilikuwa kimekwenda na maji. Alimtazama Erica, midomo ya Erica ikawa inachezacheza, lakini hakuna kilichokuja.

"Sema kwa lugha ya nyumbani," askofu akasema. "Mama yangu aliomba kwa hiyo hiyo."

Basi akaisema kwa Kigogo, ametazama moja kwa moja mbele yake. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Aliitafsiri mwenyewe papo hapo, neno kwa neno, hata mwisho. Dereva alizima injini. Akina mama wa kwaya walikuwa wamerudi, wamesimama wakisikiliza.

Askofu akanyanyuka, akatoa simu. "Waambie watu wasubiri kidogo," alimwambia mtu wa huko alikokuwa anakwenda. "Nina kazi sijaimaliza."

Waliingia garini wote watatu. Kanisani akina mama walikuwa wanasugua masufuria ya pilau. Mchungaji Nikodemo aligonga kengele, na walioisikia wakaja mbio, Mwalimu Ernest na wale watoto kumi na watatu mbele. Bibi Hilda na Erica walibadili nguo ofisini. Askofu alivaa joho lake upya.

Alianza na Erica. Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha Bibi Hilda, akamwombea Roho Mtakatifu. Baadaye Bibi Hilda alieleza kwamba alitegemea angesikia kitu kikubwa kama radi. Badala yake alisikia uzito wa mikono, joto lake, na utulivu kama wa mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani. Mkate na divai vilipoletwa, alipokea kwa viganja vyote viwili. Nathanaeli, aliyesema hataingia, alikuwa amesimama kando ya nguzo, kofia mkononi.

Walikula pilau iliyobaki, na dereva wa askofu akawasogeza mpaka karibu na mto. Maji sasa yalikuwa ya kukanyaga tu. Punda walikuwa wameshiba majani na hawakuwa na neno.

Jua lilikuwa linaelekea milimani, na Bibi Hilda alikuwa anasinzia begani mwa mjukuu wake, gauni jeupe halijavuliwa. Nathanaeli aliwaswaga punda mwendo mrefu. Mwishowe akageuza kichwa nusu.

"Erica, hayo maneno yote, bibi yako ameyashika kwa miezi mitano?"

"Mitano, babu."

Mzee akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Kichwa changu ni kigumu," akasema. "Mimi tuanze na miezi saba."