Aneth Kachagua

Jirani yangu Mama Jilala anasema aliyaona mwenyewe, hakusimuliwa. Alikuwa anatoka kuchuma mlenda nyuma ya uwanja wa ndege, Ibadakuli, akaona pikipiki imeziba kijia kati ya minyaa, na vijana watatu wamemzunguka mdogo wangu Aneth akiwa na sare zake za shule. Wakawa wanamwambia, "Chagulaga." Wakarudia, wanacheka. Mwisho mtoto akamnyooshea kidole mmoja wao, yule wa kofia nyekundu. Wale wawili wakapiga makofi, wakaenda zao.

"Usinitolee macho, Paskazia," Mama Jilala akaniambia huku anachambua mlenda wake. "Sisi ndivyo tulivyochagua. Baba Jilala nilimpatia njia ya kisimani. Kwani nyie kwenu Muleba mnaokotana vipi?"

Akacheka. Neno lile nalijua, nimelisikia tangu nilipoanza kuuza vitumbua hapa Shinyanga. Msichana akizungukwa anaambiwa achague mchumba, na akishachagua, wengine wanampisha aliyechaguliwa. Lakini Aneth amekuja juzijuzi kusoma sekondari. Kisukuma hajui hata salamu.

Jioni nilimwuliza taratibu, asije akafunga mdomo.

"Walisema nichague," alisema. "Nikaona yule ana uso mpole. Nikadhani atawaambia wenzake waniache nipite."

"Wakakuacha?"

"Wawili waliondoka."

"Na yeye?"

"Alinifuata nyumanyuma mpaka karibu na geti la shule. Akasema, 'Haya, tumeelewana.' Nikasema ndiyo, ili aende."

Nilimwambia asipite tena pale. Akaniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto. Barabara kubwa inazunguka mbali, Hiace zikiona sare hazisimami, na wanaokuta geti limefungwa wanachapwa. Wenzake wengine wamechoka kuchapwa, wameacha shule. Yeye hataki kuacha.

Asubuhi nilimwachia Mama Jilala vitumbua vyangu, tukaenda na Aneth. Nilitaka nimwone huyo mtu, nizungumze naye kistaarabu, yaishe.

Tulimkuta palepale kwenye minyaa, amekaa juu ya pikipiki. Aliponiona akavua kofia.

"Shikamoo, dada."

Alikuwa amenizidi umri. Shikamoo ile haikuwa ya umri, ilikuwa ya ukweni. Sikuitika. Niliogopa marahaba yangu nayo ingehesabiwa.

"Naitwa Maige," akasema. "Nachimba dhahabu Mwakitolyo. Mimi siyo mhuni."

"Kaka Maige, huyu ni mwanafunzi. Lugha yenu haijui. Hakukuchagua."

"Kidole alininyooshea."

"Alidhani utamsaidia."

"Nimemsaidia. Tangu siku ile kuna mtu amemgusa?" Akamchungulia Aneth nyuma yangu. "Eti mama, kuna mtu amekugusa?"

Aneth alikuwa ameshika kanga yangu kwa nguvu mpaka fundo likaanza kulegea.

"Kule machimboni, duarani kote wanajua nimechaguliwa," Maige akaendelea. Sauti hakuipandisha hata kidogo. "Sasa nirudi niwaambie nini? Kwamba aliyenichagua alikuwa hajui? Watanicheka, dada. Mimi sipendi kuchekwa."

Nilitazama kijia mbele, nikatazama tulikotoka. Hapakuwa na mtu. Ng'ambo ya minyaa kengele ya shule ikagongwa.

"Dada, geti," Aneth akaninong'oneza.

Kupita ilikuwa lazima tupite ubavuni kwake, maana minyaa ilikuwa imebana huku na huku. Nikajikuta nimepiga goti kidogo, kama tunavyofundishwa kwetu mbele ya watu wazima.

"Nakuomba, kaka yangu. Mwambie umemwachia. Neno moja tu, nalo ulitamke hapa, nami nisikie."

Maige alivaa kofia yake. Akasogea mbele kwenye siti, akaacha nafasi nyuma yake, akabaki anamtazama Aneth.